Barakoa katika Miviga na Maigizo: Huficha au Hufichua?

Swali linapoulizwa kuhusu maleba katika maigizo, watahiniwa wengi huitaja barakoa pamoja na mavazi na vipodozi, kisha hufunga hoja kwa kusema kuwa "huvutia hadhira". Jibu hilo si kosa, ila ni pungufu. Mwanafunzi wangu mmoja wa Kidato cha Tatu aliwahi kuniuliza: "Mwalimu, ikiwa kila mtu anajua ndani ya barakoa mna mtu, barakoa ina kazi gani?" Sikuwa na jibu la kuridhisha siku hiyo. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Tuanze na istilahi. Kinyago ni umbo lililochongwa, aghalabu la mti. Laweza kuvaliwa au kusimamishwa tu. Barakoa ni kile kinachofunika uso. Neno hili lenye asili ya Kiarabu lilitumika Unguja na pwani kutajia kifuniko cha uso cha wanawake, hasa wa tabaka la juu, na kifuniko cha aina hiyo kingali kinavaliwa katika baadhi ya sehemu za Oman na Ghuba. Janga la korona lilipozuka mwaka 2020, neno likapata kazi mpya, na mtahiniwa wa leo akilisikia hukumbuka hospitali kabla ya ngoma. Vigango vya Wagiriama navyo, ambavyo ni nguzo za kuwakumbuka wazee waliofariki, visichanganywe na vinyago vya kuvaliwa. Kosa hili nimelisahihisha mara nyingi mno.

Mfano ulio bora zaidi kwa darasa ni ule wa Wamakonde wa kaskazini mwa Msumbiji na kusini mwa Tanzania, ambao baadhi yao wanaishi Kwale na walikubaliwa rasmi kuwa raia wa Kenya mwaka 2016. Kinyago chao cha ngoma huitwa lipiko (wingi: mapiko). Huchongwa kwa mti mwepesi na kuvaliwa kichwani mithili ya kofia ya chuma. Aghalabu hubandikwa nywele halisi za binadamu na kutiwa chale kama zile za wazee wa zamani. Mchezaji huona kupitia tundu la mdomo, na mwili wake hufunikwa nguo hata ngozi isionekane. Wanawake na watoto huambiwa kuwa huyo ni mzimu, mfu aliyerudi.

Mvulana anapofikishwa jandoni hukabilishwa na lipiko. Kinyago huvuliwa, naye huona kuwa kitu kilichomtisha utotoni mwake wote ni mtu tu, labda mjomba wake au jirani. Huonywa asiitoe siri hiyo. Hapo ndipo methali yetu ya kinyago ukichonga mwenyewe hakikutishi inapopata nyama. Tukio hili humvusha kijana kutoka upande wa wanaoogopa hadi upande wa wanaoogofya. Utu uzima, kwa mujibu wa muviga huu, ni kujua na kunyamaza.

Na wanawake je? Yamkini wengi wao walijua. Mama atakosaje kuzitambua nyayo za mwanawe akicheza? Hata hivyo walikimbia na kupiga mayowe kama ilivyotarajiwa. Kwa maoni yangu, hili ndilo jibu la mwanafunzi wangu. Barakoa haifanyi kazi kwa sababu watu wamedanganyika. Hufanya kazi kwa sababu wamekubaliana. Hadhira nayo inaigiza. Mtahiniwa anayeieleza hadhira ya miviga kama watazamaji tu amepoteza hoja muhimu.

Makubaliano hayo huzaa uhuru fulani. Katika Gule Wamkulu, ngoma ya Wachewa wa Malawi, Zambia na Msumbiji iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa miongoni mwa turathi za binadamu, yumo mhusika aitwaye Simoni. Uso wake ni mwekundu, naye ni kejeli ya mzungu. Wachongaji wa mapiko nao waliwachonga wakoloni. Angeshtakiwa nani? Aliyecheka mtawala ni mzimu, wala si mwanakijiji. Kwa hivyo barakoa huficha mtu ili ifichue fikra.

Jamii nyingi za Kenya hazina mapokeo ya barakoa za kuchonga, jambo linalowafanya walimu wengine kuipita mada hii mbio. Lakini mtazame kijana wa Kibukusu alfajiri ya kutahiriwa, mwezi Agosti wa mwaka usio witiri, akitoka mtoni akiwa amepakwa tope baridi. Anatarajiwa asioneshe hofu wala uchungu. Naliona tope lile kuwa barakoa: linafuta sura ya mtoto kabla sura ya mwanamume haijapatikana. Wenzangu wengine watanipinga kuwa hivyo ni vipodozi tu. Sawa, ila watuambie basi kwa nini ni tope.

Katika tamthilia andishi barakoa aghalabu huwa jazanda. Katika Mashetani ya Ebrahim Hussein (1971), Juma na Kitaru wanacheza mchezo wa shetani na binadamu. Hapahitajiki kinyago chochote. Nafsi ya kuigiza ndiyo barakoa. Kinaya ni kuwa mchezo ukiisha Kitaru haachwi salama, bali anaugua. Wamakonde hupanga siku ya kuvua. Kitaru hakupangiwa.

Nimalizie na la darasani. Wanafunzi wa Kidato cha Kwanza walioingia Agosti 2021 niliwafundisha kwa miezi mingi bila kuzijua nyuso zao kamili. Masharti yalipolegezwa Machi 2022, msichana mmoja aliendelea kuvaa barakoa yake ya buluu. Nilidhani anaogopa maradhi. Aliponiambia kuwa bila hiyo hawezi kusoma kwa sauti mbele ya wenzake, nilimpa nafasi ya mfalme katika mchezo wa darasa, na barakoa yake usoni. Alisoma hadi kengele ikalia.