Baisikeli na Mteremko wa Kasenyi

Gari moshi halikufika Bunia. Reli ya Vicicongo ilianza kujengwa mwaka 1924. Mwaka 1937 ilifika Mungbere, mbali upande wa kaskazini-magharibi, ikaishia huko. Kwa hiyo watu wengi wa Ituri wamezoea kusafirisha mizigo yao kwa baisikeli. Njia mojawapo iliyo ngumu ni ile itokayo Bunia, kupita Bogoro, mpaka Kasenyi kando ya ziwa Albert.

Urefu wake ni kama kilometa 50 tu. Lakini Bunia iko juu, zaidi ya meta 1,200 kutoka usawa wa bahari, na ziwa liko kwenye meta 620 hivi. Mpaka Bogoro mtu hupita vilima vya majani. Mbele yake nchi hukatika kama ukuta, na ziwa huonekana chini kabisa. Ukuta huo ni ukingo wa Bonde la Ufa. Zamani sana ardhi ilipasuka, sehemu ya katikati ikadidimia, maji yakakusanyika humo.

Mtoto aweza kufikiri kwamba kushuka ni raha. Sivyo! Mipira ya breki hukamata ukingo wa gurudumu, na msuguano huo huleta joto. Sugua viganja vyako kwa nguvu, utaona. Breki zikishikwa muda mrefu, mpira hulika upesi. Mvua ikinyesha, huteleza. Mzigo nao husukuma kutoka nyuma. Basi mtu mwenye akili hushuka chini, akaiongoza baisikeli yake kwa miguu, akapumzika mara kwa mara.

Kupanda ni kazi nyingine. Msukumaji hufunga fimbo kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti. Kwa fimbo ya kwanza huongoza, kwa ya pili husukuma, naye hutembea ubavuni amesimama wima. Barabara yenyewe imepindapinda. Kama ingepanda moja kwa moja, hakuna ambaye angeweza kusukuma mzigo mzito. Ikipinda, safari hurefuka, lakini nguvu ya kila hatua hupungua. Kazi yote haipungui, imegawanywa tu.

Wajenzi wa reli wanalijua sana jambo hili. Magurudumu ya chuma huteleza juu ya chuma, na gari moshi haliwezi kupanda mlima mkali. Kwa hiyo huchimba vilima, hujaza mabonde na kutoboa miamba, ili njia ipande polepole. Katika New Zealand, reli moja ya nchi ya milima ya Otago ilifungwa mwaka 1990. Vyuma viling'olewa, na mwaka 2000 njia ile, yenye kilometa 150 hivi, ikafunguliwa kwa baisikeli. Hata wazee huipita bila kuchoka sana.

Msukumaji wa Kasenyi hana njia kama hiyo, na tena anashindana na jua. Samaki wabichi, kama kapiteni, huharibika upesi katika joto la ziwani. Akichelewa kwenye kona za mlima, hasara ni yake. Mwenye haraka huanza kupanda kungali giza. Wengine huchukua samaki waliokaushwa kwa moshi, au makayabo, yaani samaki wa chumvi. Chumvi huvuta maji mwilini mwa samaki, asioze. Hao waweza kulala njiani Bogoro, wakaingia sokoni Bunia kesho yake.