Ulemo hadi Bagamoyo: Safari ndefu hupangwa kwa vituo, si kwa kasi

MSAFIRI anayeanzia kata ya Ulemo, wilayani Iramba, mkoani Singida, akiwa na nia ya kufika pwani kwa gari, ana kati ya kilomita 700 na 800 mbele yake. Njiani ataikuta nchi kavu ya Singida na Dodoma, miji midogo ya Manyoni, Bahi na Gairo, milima ya Morogoro, na mwishowe Bahari ya Hindi.

Kwa kuwa lami sasa imeunganisha njia hiyo yote, wapo madereva wa magari binafsi wanaoihesabu kuwa ni safari ya siku moja. Huondoka alfajiri na chupa mbili za maji, wakitumaini kulala ufukweni usiku huo huo. Hesabu ya namna hiyo ina kasoro, na kasoro yenyewe hujitokeza saa ambazo dereva hana tena nguvu ya kuirekebisha.

Hebu tuifanye upya. Sheria inamtaka dereva asizidi kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na vijiji vya kandokando ya barabara hiyo ni vingi. Mabasi na malori makubwa, ambayo gari dogo hulazimika kuyafuata kwa muda mrefu, yana ukomo wa kilomita 80 kwa saa. Kwa hali hiyo, wastani halisi wa mwendo ni nadra kuzidi kilomita 60 kwa saa.

Kilomita 750 kwa wastani huo ni saa 12 na nusu bila kusimama hata mara moja. Ukiongeza saa tatu za kula, kujaza mafuta, kujinyoosha na kusubiri ukaguzi, aliyeondoka saa 12 asubuhi atafika saa tatu na nusu usiku. Maana yake ni kwamba kipande cha Morogoro hadi Chalinze, chenye msongamano mkubwa wa malori, atakikuta gizani huku macho yakiwa mazito.

Aidha, tangu Serikali iliporuhusu mabasi kusafiri saa 24 mwaka 2023, dereva wa usiku hukutana na magari makubwa mengi zaidi kuliko zamani. Lori lililoharibika bila taa, likiwa na matawi ya miti tu nyuma yake kama ishara, huonekana wakati nafasi ya kusimama imekwisha.

Somo la misafara

Njia hii si ngeni. Katika karne ya 19, misafara ya wapagazi ilipita katika nchi hii ya kati ikitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Ujiji Februari 1858.

Magharibi ya Ugogo, katika sehemu ambayo leo ni eneo la Manyoni, misafara hiyo ilikabiliwa na pori kubwa lililoitwa Mgunda Mkali, lililoogopwa kwa uhaba wa maji. Mashariki ya Ugogo kulikuwa na nyika nyingine iliyoitwa Marenga Mkali, yaani maji machungu.

Hakuna kiongozi wa msafara aliyeingia huko kwa kuhesabu umbali peke yake. Kwanza aliuliza kisima kilicho mbele kiko wapi, kina maji kiasi gani msimu ule, na ni nani mwenye kisima. Watawala wa Kigogo walitoza hongo, ambayo zama hizo ilikuwa ushuru wa kupita na kutumia maji, kwani aliyeshika maji ndiye aliyeshika njia.

Nchi hiyo bado ni kavu. Dodoma hupata wastani wa milimita zisizofika 600 za mvua kwa mwaka, nazo hunyesha katika msimu mmoja kati ya Novemba na Aprili. Si jangwa la mchanga, lakini gari likiharibika saa nane mchana mbali na kijiji, tofauti hiyo haimsaidii mtu mwenye kiu.

Maji, mafuta na matairi

Kwa sababu hiyo, ni busara kubeba lita tano za maji ya kunywa kwa kila abiria kwa siku, na lita kumi nyingine kwa ajili ya gari. Injini ikichemka, dereva azime gari na kusubiri ipoe kabla ya kugusa mfuniko wa rejeta, kwa kuwa mvuke uliofungiwa ndani unaweza kumbabua uso.

Kuhusu mafuta, kanuni ni rahisi: jaza tangi likiwa nusu, usisubiri taa iwake. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita moja, lenye tangi la lita 45, haliwezi kuzidi kilomita 450. Kutoka Ulemo hadi Dodoma ni zaidi ya kilomita 300, hivyo miji ya Singida na Manyoni ndiyo sehemu za kujazia, si za kupita tu.

Matairi nayo yanahitaji jicho la pekee. Upepo upimwe asubuhi yakiwa baridi, na tairi lililopata joto lisipunguzwe upepo, kwani kipimo kitakuwa cha uongo. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka lilipotengenezwa. 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu linaweza kuwa na kashata nzuri na bado likapasuka kwenye lami ya moto.

Tairi la akiba, jeki, spana ya magurudumu, pembetatu za tahadhari, kizima moto na sanduku la huduma ya kwanza viwekwe mahali panapofikika bila kushusha mizigo yote.

Majira ya kusafiri

Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo salama zaidi, ingawa ina upepo na vumbi. Msimu wa mvua una hatari yake, hasa kati ya Gairo na Dumila. Januari 2014, mafuriko yaliharibu daraja la Magole, Dumila, na kuikata barabara ya Morogoro na Dodoma. Machi 2020, ilikatika tena katika eneo la Kiyegeya.

Anayesafiri wakati huo awe na siku moja ya ziada na fedha ya kulala njiani. Maji yakipita juu ya barabara, asijaribu bahati yake. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30 tu yanaweza kulisomba gari dogo.

Siku tatu badala ya moja

Mpango unaofaa familia ni wa siku tatu. Siku ya kwanza ni Ulemo hadi Dodoma, kwa kupumzika Singida, penye maziwa ya Singidani na Kindai, kisha Manyoni. Baada ya Manyoni barabara huteremka kwenye Bonde la Ufa kuelekea Bahi, na huko mwendo upunguzwe kwa sababu mifugo huvuka bila kutazama gari.

Siku ya pili ni Dodoma hadi Morogoro, yapata kilomita 260. Siku ya tatu ni Chalinze, Msata, na kutoka hapo kilomita 64 hadi Bagamoyo, ambako msafiri atafika mchana, akiwa na muda wa kuyaona magofu ya Kaole. Anayetaka kuendelea kaskazini kando ya bahari, kupitia Saadani na Pangani hadi Tanga, aulizie kwanza hali ya barabara, na asiliingize gari kwenye mchanga wa ufukwe, kwani maji kujaa hayamngoji mtu.

Kila baada ya saa mbili dereva asimame, ashuke na atembee. Usingizi hauondolewi kwa kufungua dirisha wala kuongeza sauti ya redio. Dawa yake ni kulala. Namba 112 ya polisi na 114 ya zimamoto ziwe zinajulikana kwa kila aliyemo garini, na ndugu aliyebaki nyumbani aachiwe orodha ya vituo na saa za kufika.

Gharama ya usiku wawili katika nyumba za wageni si ndogo kwa familia nyingi, na ndiyo inayowashawishi wengi kuunganisha safari. Anayeona ni nzito ni afadhali apunguze umbali au apande basi lenye madereva wawili, kuliko kuipunguza gharama hiyo kwa kukata saa za usingizi wa mtu aliyeshika usukani.