Kipigo kimoja, nyumba mbili tofauti

Wagombanao ndio wapatanao, husema wazee mke anaporudi kwao jicho limevimba. Kuna nyumba ambazo wanasema kweli. Kuna nyingine ambazo maneno hayo yanamrudisha mtu kwenye hatari, na jicho lililovimba halisemi limetoka nyumba ipi.

Mwaka 1995 mwanasosholojia wa Marekani, Michael Johnson, aliingilia ubishi uliokuwa umewagawa wenzake. Waliopita nyumba kwa nyumba na dodoso walikuta wanawake wakipiga karibu sawa na wanaume. Waliofanya kazi na nyumba salama, polisi na hospitali walikuta waathirika karibu wote ni wanawake. Nani mwongo? Hakuna, alisema Johnson. Kila upande ulipima kitu chake. Dodoso hunasa zaidi ugomvi uliopanda, pengine kwa sababu ya ada au pombe, mikono ikarushwa, ukapoa. Nyumba salama hupokea wanaotawaliwa kwa hofu, ambao wengi wao hata mtafiti hawawezi kumfungulia mlango. Baadaye alitenga pia kipigo cha kujihami, pale anayetawaliwa anaporudisha.

Utawala huo una sura ya kawaida kabisa. Simu hukaguliwa kila jioni. Nauli hutolewa kamili, ya kwenda na kurudi, asije akapitia kwa dada yake. Kliniki ni kwa ruhusa. Kofi laweza kuwa moja tu kwa mwaka, na likatosha. Ndiyo maana kuuliza “amekupiga mara ngapi?” ni kuuliza nusu.

Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa 2005 uliuliza na nusu ya pili: anakuzuia kuonana na ndugu zako? Anataka kujua uliko kila saa? Kwa nusu ya kwanza, ile ya kipigo, Dar es Salaam asilimia 41 ya wanawake waliowahi kuwa na mwenza walisema aliwahi kuwapiga au kuwaingilia kwa nguvu. Mbeya, asilimia 56.

Kwa mhudumu wa afya, pa kuangalia kwa makini ni shingo. Utafiti wa Marekani wa 2008 ulikuta kukabwa na mwenza kunaongeza zaidi ya mara saba uwezekano wa mwanamke kuja kuuawa naye. Alama za vidole mara nyingi hazionekani. Husikika sauti iliyokwaruza, mate humezwa kwa shida, macho huwa na vitone vyekundu. Muuguzi akiyaona hayo, maswali yasubiri kwanza mume aliyemsindikiza mkewe atoke nje.