Konfusio katika monasteri ya Saint-André

Tunajua ya kwamba Wabenedikto waliofika Katanga katika mwaka 1910 walitoka monasteri ya Saint-André, karibu na Bruges, inchi ya Ubelgiji. Wachache wanajua ya kwamba katika monasteri ile ile Mchina mmoja alipata upadri, naye zamani alikuwa waziri wa kwanza wa inchi yake.

Jina lake ni Lou Tseng-Tsiang, mzaliwa wa Shanghai (1871). Kule Paris, mwaka 1919, alikataa kutia mkono katika mapatano ya Versailles, kwani yalipatia Japani haki za Wadachi katika Shandong. Mkewe Mbelgiji alikufa 1926. Mwaka uliofuata aliingia monasteri, akapata upadri 1935.

Je, mafundisho ya Konfusio aliyaacha mlangoni? Hapana. Konfusio anafundisha ya kwamba serikali nzuri inaanzia nyumbani. Mtoto anayeheshimu baba yake hawi mwasi. Tena mfalme atawale kwa mfano wake mwema, si kwa fimbo tu. Padri Lou aliona heshima hii ya mtoto ikitimilika katika Yesu, Mwana anayemtii Baba. Someni kitabu chake *Souvenirs et pensées* (1945), si kirefu.

Papa Benedikto XIV alikataza sherehe zile katika 1742. Mwaka 1939 Roma iliziruhusu, kwani ziliangaliwa kama adabu ya raia. Na hapa kwetu, penye makaburi ya wazee, mkatekista anaulizwa vilevile: ni kuabudu, ao ni heshima ya mtoto?