Pikiniki katika lupango: tusingoje kilio ndipo tukae pamoja

Ilikuwa siku ya posho, mwezi wa saba mwaka jana, juma moja baada ya watoto kupata matokeo yao ya shule. Nilitandika mikeka mitatu chini ya mwembe wetu, nikatoa sahani, sufuria na bidoni ya maji. Jirani yangu alikuwa anapita barabarani. Alipoona, akasimama, akafunga vizuri kitenge chake, akaingia katika lupango polepole.

"Mama mwalimu, pole sana. Ni nani?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa. Ni mimi na watoto na nkambo wao, tunafanya pikiniki. Alicheka mpaka akakaa chini, naye akala pamoja nasi. Lakini usiku ule swali lake halikuniacha. Kumbe hapa kwetu Kamina, mikeka ikitandikwa chini ya mti, watu wanafikiri kilio. Siku ya kilio hatukosi kitu: huyu analeta makala, yule unga, mwingine anachota maji, na wote tunapata nafasi ya kukaa. Watu wakiwa wazima, nafasi hiyo tunasema hatuna.

Mama akae

Nilikuwa nimejaribu mara moja mbele, na nilikosea. Nilikodi viti, nikanunua kuku na soda, nikaalika watu wengi. Toka asubuhi nilisimama kwenye mbabula. Nilipomaliza kuosha vyombo, watoto walikuwa wamelala, na franki za madaftari zilikuwa zimekwisha. Ile haikuwa pikiniki, ilikuwa kazi.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ni hii: mama akae kwenye mkeka kama wengine. Chakula chochote kinachomlazimisha asimame kwenye moto, kiache kwa siku nyingine. Hata bukari na sombe vipumzike siku hiyo.

Chakula cha watu 10

Mimi natayarisha hivi: kilo 4 za viazi vitamu vilivyochemshwa na maganda yake, mayai 10 ya kuchemsha, vikombe 4 vya karanga za kukaanga, ndizi, na machungwa, maana wakati wa kiangazi yanapatikana. Karanga unaweza kuzikaanga jana yake. Viazi na mayai chemsha siku ile ile. Mayai yabaki na maganda yake mpaka mtu anapokula.

Wanaopenda munkoyo wautayarishe jana yake: uji mwepesi wa mahindi, ukisha kupoa unatia mizizi ya munkoyo, unafunika. Kesho yake unakuwa mtamu na watoto wanaweza kunywa. Ukikaa siku nyingi unakuwa mkali, usiwape.

Jirani akiuliza alete nini, usione haya kumwambia. Mmoja alete ndizi, mwingine mkeka. Tunavyojua kuchangia kilio, tuchangie na furaha.

Mikono na maji

Sisi wa Haut-Lomami tunaijua kolera, hasa wenzetu wa Bukama na Malemba-Nkulu, karibu na maziwa ya Upemba. Pikiniki tunakula kwa mikono, kwa hiyo tusicheze na jambo hili. Usiweke beseni moja ambamo wote wanatia mikono. Mtoto mmoja amwage maji kwa kopo, mwenzake anawe kwa sabuni, kisha wabadilishane. Maji ya kunywa yachemshwe kwanza, yapoe ndani ya chombo chenye kifuniko. Chakula kilichopikwa kisikae nje kupita saa mbili, na nzi wasikiguse: funika kwa kitambaa safi.

Saa na michezo

Anzeni saa tisa alasiri, jua likipungua ukali, mmalize kabla ya giza. Mwezi wa sita na wa saba baridi inaingia upesi, basi wadogo wawe na pulova karibu. Asubuhi mwagieni uwanja maji kidogo ili vumbi litulie.

Michezo isinunuliwe. Wasichana wana nzango na kamba. Wavulana wachimbe mashimo ya kisolo, na wazee wawafundishe kuhesabu mbegu. Mimi kama mwalimu nawaambia, hiyo ni hesabu nzuri kabisa. Telefone zikae nyumbani, na maneno ya madeni yakae nazo.

Alichotuachia nkambo

Siku ile, mama mkwe wangu alikaa akiegemea mwembe, akimenya chungwa. Mtoto wangu wa pili akamwuliza kwa nini Kamina kuna treni. Akaeleza kwamba baba yake alifanya kazi kwenye reli ya kutoka Bukama mpaka Ilebo, ile iliyomalizika mwaka 1928, wakati Ilebo inaitwa Port-Francqui. Akasema namna baba yake alivyorudi nyumbani na viganja vigumu kama gome la mti, akamwekea mtoto kiganja chake mwenyewe shavuni. Mimi nimeishi naye miaka 11, habari hiyo sikuwa nimeisikia. Sikuwa nimekaa chini kumwuliza.

Mwezi wa kumi tulitandika mikeka ile ile chini ya mwembe ule ule, na safari hii jirani hakuuliza ni nani. Watu walipokuja kulia nasi, mtoto wangu ndiye aliyewasimulia habari ya reli.

Wamama wenzangu, vakanse ziko karibu. Chagua siku moja ya posho, au siku ya yenga baada ya ibada. Tandika mkeka, mwite mzee wa nyumba, mwite na jirani. Akiingia na kusema pole, mpe kiazi, mwambie akae.