Nondo za Kioo Ndani ya Zege

Wakazi wa mwambao wanakijua vyema kisa cha chuma ndani ya zege: chumvi hupenya kidogo kidogo, chuma kikashika kutu, na kutu, ambayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hulisukuma zege hata likapasuka na kubanduka. Ndipo wahandisi wakavutiwa na nondo za nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini, ambazo uzito wake ni takriban robo ya uzito wa chuma, na ambazo hazishiki kutu abadan.

Walakini kioo nacho kina adui wake, naye yumo humo humo ndani ya saruji. Maji yaliyosalia katika vinyweleo vya zege yana ukali kama wa magadi, kipimo chake cha pH kikipita 12, na ukali huo hula kioo. Resini ndiyo ngao, na ngao ikiingia ufa, nyuzi hubaki wazi. Maabara zilipozitosa nondo hizo katika maji makali yaliyopashwa hadi nyuzi 60 za Selsiasi, ili athari za miaka mingi zionekane kwa miezi, nguvu zake zilipungua sana, na shaka ikaenea.

Huko Kanada, ambako madaraja humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, wataalamu, Aftab Mufti akiwa miongoni mwao, walikata vipande vya zege kutoka madaraja manne na gati la Hall's Harbour, lililojengwa upya mwaka 1999 kando ya Ghuba ya Fundy, yote yakiwa yametumika kati ya miaka 5 na 8. Darubini za elektroni zikaonyesha kioo na resini vingali vimeshikamana, wala hapakuwa na dalili ya kuliwa. Kwani zege la kweli aghalabu ni kavu, ilhali chombo cha maabara hakikaukiwi na ukali wake. Mwaka 2006 kanuni za madaraja za Kanada ziliidhinisha nondo hizo kubeba mzigo mkuu.

Hata hivyo, nisingethubutu kuyahamishia matokeo hayo Tanga au Mombasa pasipo hadhari, maana joto huharakisha ulaji huo, na Kanada ni nchi ya baridi. Mwongozo wa Taasisi ya Zege ya Marekani wa mwaka 2015 wenyewe uliamuru kwamba nondo ya kioo itakayokabili udongo au hali ya hewa ihesabiwe asilimia 70 tu ya nguvu yake ya kiwandani, na mzigo wake wa daima usipite moja ya tano ya nguvu hiyo iliyokwisha punguzwa.