Taa Inayosaka Sumu Kwenye Nyanya

Nyanya iliyopigwa dawa jana na ile iliyopigwa mwezi uliopita hazitofautiani machoni. Maabara inaweza kuzitofautisha, ila mitambo yake ni ghali, na majibu yakitoka tenga limeshauzwa na nyanya zimeshaliwa.

Ndiyo maana nafuatilia kwa hamu kazi ya wanakemia wanaounda vihisi vya mwanga. Malighafi yao mojawapo ni nukta za kaboni, chembe ndogo mno zinazopatikana hata kwa kupasha moto asidi ya limau pamoja na urea. Ukizimulika kwa taa ya urujuanimno, maji yenye chembe hizo yanawaka rangi ya buluu.

Viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti, kama klopirifosi na dimethoeti, huua mdudu kwa kulemaza kimeng'enya cha neva ambacho hata sisi binadamu tunacho. Wanasayansi hukitia kimeng'enya hicho ndani ya kihisi. Katika muundo mmojawapo, kikiwa kizima huanzisha mmenyuko unaofifisha ule mwanga wa buluu. Sampuli ikiwa na sumu, kimeng'enya hulemaa, na mwanga unabaki ukiwaka.

Tatizo ni mboga zenyewe. Klorofili ya mchicha au sukuma wiki nayo hung'aa, nyekundu, chini ya taa hiyohiyo, hivyo sampuli lazima isafishwe kwanza. Tena kihisi cha namna hii husema kuna kitu kinacholemaza kimeng'enya, bila kukitaja kwa jina. Na kipimo kinachotakiwa kinaweza kuwa kidogo kupita kiasi: kwa maji ya kunywa, kwa mfano, sheria ya Umoja wa Ulaya hairuhusu kiuatilifu kimoja kuzidi mikrogramu 0.1 katika lita.

Mwaka 2013 Umoja huo uliongeza ukaguzi wa mishiri na njegere za Kenya kwa sababu ya mabaki ya dimethoeti, na wauzaji wa nje wakalazimika kujirekebisha. Mboga ya soko la mtaani haina mnunuzi mkali wa namna hiyo. Kwa hiyo vihisi hivi ningependa vianzie huko, mikononi mwa maofisa afya wa halmashauri, alfajiri malori yanaposhusha mzigo. Tenga litakalotiliwa shaka lizuiwe, sampuli yake ipelekwe maabara, na mkulima aulizwe alipiga dawa gani na lini.